Mwaka Tulipotafuta Kiwanda

Tulimzika Aikande huko Mwika, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo wa mume wake, siku ambayo wingu halikuinuka mlimani tangu asubuhi. Katibu wa usharika alisoma wasifu wa marehemu: alikozaliwa, alikosoma, miaka aliyofundisha watoto viziwi, kwaya alizoimba, watoto aliowaacha, ugonjwa uliomwondoa. Nilisikiliza hadi mwisho nikingoja mwaka mmoja tu utajwe, nao haukutajwa. Baadaye, nikiwa nimesimama na sahani yangu ya wali na ndizi karibu na watu wa ukoo waliokuwa wakijadiliana nani atalala wapi, mwanamume mmoja mwenye mvi alipita katikati ya viti vya plastiki akanijia moja kwa moja. Sikumtambua mpaka alipoweka sahani yake juu ya kiti, akanyoosha kidole, akachora hewani mshale mfupi uliopinda. Alikuwa Gabrieli. Nilitaka kumpa pole kwa lugha yake nikakuta mikono yangu imesahau. Miaka mingi sikuwa nimeipa kazi hiyo. Nikamshika tu mabega. Tukala pamoja bila kusema neno, na waliotuona nadhani waliamini ni kwa sababu yeye hasikii.

Mwaka ambao haukusomwa pale kaburini ni ule ambao mimi, Aikande na Gabrieli tulikuwa tunatafuta mtu wa kututengenezea mchezo. Wanangu nikiwaambia hivyo wanaona ni jambo dogo. Wao wakitaka kitu wanabonyeza simu, na baada ya muda kitu kinafika kikiwa kimefungwa vizuri. Sisi wakati huo tulikuwa na simu za kubonyeza na intaneti ya kulipia kwa muda karibu na mnara wa saa, Moshi mjini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuagiza kitu chochote kitengenezwe, ukiacha gauni kwa fundi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nachapa barua na mitihani kwenye duka la vifaa vya ofisini, na Aikande alikuwa mteja aliyegeuka rafiki, kwa sababu alikuwa akisimama nyuma yangu nikichapa na kunisahihishia nukta.

Mchezo wenyewe ulizaliwa chumbani kwake, kwenye nyumba za walimu za shule aliyofundisha. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala mimi mwenyewe. Kitanda kilikuwa nyuma ya khanga iliyotundikwa kwenye kamba, jiko la mafuta ya taa lilikuwa sakafuni karibu na mlango ili moshi utoke, na ukutani aliegemeza kipande cha ubao mweusi alichokiokota darasa lilipokarabatiwa. Jumamosi alikuwa anapika kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, na tulikula kutoka kwenye sufuria tukiwa tumekaa kwenye mkeka kwa sababu mezani palikuwa pamejaa makaratasi. Watoto wake walikuwa wa bweni. Shule ikifungwa, yeye ndiye aliyewapeleka makwao wale ambao wazazi hawakuweza kushuka mjini, na kila mara alirudi akiwa mkimya.

"Wanawapenda," aliniambia siku moja akikoroga. "Hilo wala sina wasiwasi nalo. Lakini mtoto anakaa nyumbani likizo nzima anaambiwa njoo, kula, lala. Basi. Akirudi kwangu anaongea mpaka anachoka mikono."

Kwa hiyo akabuni mchezo wa mezani, wa dadu na kete kama ludo, aliouita Twende Nyumbani. Njia ilianzia stendi ya Moshi, ikapanda mlimani kupita sokoni, kanisani, kwenye daraja, kwenye mfereji wa maji, ikaishia kwenye nyumba katikati ya migomba. Ukirusha dadu unachukua kadi. Upande mmoja wa kadi kuna picha ya mkono unaofanya alama, upande wa pili kuna neno lenyewe. Unaifanya alama, wenzako wanabahatisha neno, mkipatana mnapanda. Alikuwa amefikiri sana juu ya wazazi. Alisema mtu mzima haoni vizuri kufundishwa na mwanawe, ila kushindwa kwenye mchezo anakubali na kesho anataka tena. Na kubwa zaidi, mchezo ungechezeka hata mtoto akiwa shuleni. Baba, mama na wadogo zake wangejifunza jioni kwa jioni, na mtoto akirudi likizo angewakuta wanaongea.

Mikono aliichora Gabrieli. Yeye alifundisha useremala na uchoraji pale pale shuleni, mtu wa Sanya Juu, kiziwi tangu utotoni baada ya kuugua. Alichora kwa kalamu nyembamba, na kwenye kila mkono aliweka mshale. Nilidhani mishale ni mapambo mpaka aliponikalisha chini. Alinionyesha ngumi. Akaibana na kuilegeza huku akiishusha: maziwa. Ngumi ile ile akaizungusha kifuani: samahani. Ngumi ile ile akaigonga juu ya nyingine: kazi. Ngumi ikiwa imekaa tu, alinieleza kwa kutumbua macho na kuishika kama jiwe, haisemi kitu. Kadi nyingi zilikuwa hivyo. Mkono ulikuwa nusu ya neno na mshale ulikuwa nusu nyingine. Nilijifunza alama zangu zote kutoka kwenye michoro ile, kwenye ule mkeka, Aikande akinicheka kwamba ninaongea kama mtu mwenye mafua.

Mfuko mmoja wa kusaidia sanaa ulikubali kugharamia kazi, kwa sharti kwamba mchezo utengenezwe na kugawiwa kabla ya mwaka kuisha. Tulifurahi kwa jioni moja. Asubuhi yake tukaanza kujiuliza nani atautengeneza, na kuanzia hapo sikumbuki tena siku ambayo tulijua tunachofanya.

Kwanza tulikwenda kwa mchapaji mmoja nyuma ya soko, mzee ambaye mji mzima ulimwita Meku. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye giza, kikinuka wino na mafuta ya taa, na hapo ndipo zilipochapwa kadi za michango ya harusi, kalenda za makanisa, na ratiba za mazishi ambazo zilitakiwa siku hiyo hiyo. Tulipoingia vijana wake walikuwa wanabishana kuhusu marehemu fulani ambaye picha yake imetoka nyeusi mno, na mmoja alikuwa anasema familia haitamtambua mtu wao. Tulimwamkia Meku shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, akatusikiliza akila ndizi ya kuchoma. Alizigeuza kadi za Gabrieli moja moja. "Nitawatengenezea," alisema. "Lakini sitawadanganya, binti zangu. Haitakuwa nzuri. Mashine yangu rangi moja inaenda huku, nyingine inaenda kule." Gabrieli alimsoma midomo, akaniomba nimuulize kama angeruhusiwa kusimama kando ya mashine wakati wa kuchapa. Meku akasema asimame, hata alale hapo akitaka.

Alitutengenezea sampuli moja. Rangi nyekundu ilikuwa imehama kidogo, hivyo kila mkono ulikuwa na kivuli kama umetoka kuchovywa kwenye damu. Ubao aliugundisha kwenye kadibodi, na ilikuwa masika, kwa hiyo baada ya wiki ulikuwa umepinda kama kigae. Mishale yote ilikuwepo. Aikande aliupeleka bwenini ili watoto waujaribu, na nilipokwenda kumtembelea mwisho wa mwezi nilikuta umebaki matambara: kona zimeliwa, kadi zimelainika kama noti za zamani, kete zimepotea na badala yake wanatumia mbegu za kahawa. Aikande aliukusanya kwa mikono yote miwili, akanionyesha. "Unaona," alisema, "hauvumilii." Niliona kama alivyoona yeye. Leo nikiyakumbuka yale matambara naona kitu kingine kabisa, ila mtu haruhusiwi kurudi kwenye chumba cha zamani akajisemesha.

Gabrieli alitupeleka kwao Sanya Juu, kwenye karakana ya jamaa waliokuwa wakichonga vitu vya mbao vya kuuzia watalii. Walitupokea vizuri, wakatupa chai na mihogo, wakasema wanaweza kuchoma picha kwenye vibao kwa chuma cha moto. Walichoma mkono mmoja tukiangalia. Ulikuwa mkono mzuri, ila vidole vilikuwa vinene na havikutengana, na mchezo mzima ukiwa wa mbao ungekuwa mzito kama dawati. Kurudi, ndani ya basi, Gabrieli alikaa dirishani hakutuangalia njia nzima. Wale walikuwa rafiki zake wa utotoni na ilimbidi yeye ndiye awakatalie.

Ndipo tukaandikia China. Mtu wa duka la intaneti ndiye aliyetuonyesha tovuti ya kiwanda kinachotengeneza michezo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza cha barua, kazi ya kuandika ikawa yangu. Aliyetujibu alijiita Lili. Kila barua aliianza kwa kutuita marafiki wapendwa na kuimaliza kwa kututakia siku njema, na alijibu haraka kuliko watu wa Dar tuliowaandikia ambao hawakujibu kabisa. Umeme ulikuwa unakatika katikati ya kutuma picha, tunakaa gizani na wateja wengine wanaosonya, ukirudi tunaanza upya. Aikande alikaa kulia kwangu, Gabrieli nyuma, na mara kwa mara mkono wake ulipita juu ya bega langu kunionyesha kwenye kioo kitu nilichosahau. Nilimwandikia Lili kuhusu mishale zaidi ya mara moja. Nilimwambia ni sehemu ya neno. Alijibu kwamba ameelewa, na naamini alielewa.

Sampuli yao ilikuja kwa posta, kwenye kifurushi kilichochanika kona. Tuliifungulia chumbani kwa Aikande. Sijui nieleze vipi. Boksi lilikuwa na uzito unaostahili. Ukilifunika, mfuniko ulishuka taratibu wenyewe, ukitoa pumzi. Ubao ulikunjuka katikati bila kuonyesha mkunjo, mlima uko juu na theluji yake, migomba ina kijani cha migomba, na kadi zilikuwa zimefunikwa utando wa kung'aa, zinateleza mkononi kama samaki. Mikono ya Gabrieli ilikuwa pale, kila ukucha, kila mshale. Gabrieli alichukua kadi moja akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Nilisema kwamba Meku yuko hapa hapa, kwamba kitu kikiharibika tunatembea kwenda kumwambia. Nilisema mara moja tu, na sikuwa na uhakika nilipokuwa nasema. Aikande alikuwa ameshika boksi mapajani.

"Manka," alisema, "unajua watoto wangu wanavaa nini? Wanavaa nguo za watu. Vitabu vyao vina majina ya watoto wa nchi nyingine. Hata vile vifaa vya masikioni vinakuja vimeshatumika. Nataka kitu kimoja, kimoja tu, ambacho kimetengenezwa kwa ajili yao na kinafunguliwa na wao."

Nilimtafsiria Gabrieli kwa mikono yangu mibovu. Akaniangalia, akamwangalia Aikande, akagusa mfuniko wa lile boksi. Tukachagua kiwanda.

Miezi iliyofuata tulikuwa watu wa kungoja. Lili alituandikia kwamba kazi imeanza, kwamba kazi imekwisha, kwamba mzigo uko bandarini, kwamba meli imeondoka. Baada ya hapo hata yeye hakuwa na la kutuambia. Nilikuwa nachapa mitihani ya watu huku nikiwaza kontena. Aikande aliwaambia watoto, kisha akajuta kuwaambia, kwa sababu kila asubuhi walimuuliza. Kulikuwa na msichana mmoja, Neema, wa Kirua Vunjo, mwenye umri wa miaka kama kumi, ambaye alikuwa bingwa wa ile sampuli ya Meku na ambaye akikushinda hukusanya kete zako zote bila huruma na kuzipanga mbele yake. Huyo alimuuliza Aikande kama meli ina njia kama ya ubao, kama inaweza kurudishwa nyuma. Aikande alimjibu kwamba haiwezi.

Maboksi yalifika wiki za mwisho za muhula. Tuliyapokea shuleni kwenye stoo ya mahindi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kufuli. Mkuu wa shule alikuwepo, mpishi alikuwepo, na Aikande alikata nailoni ya boksi la kwanza kwa kisu cha jikoni. Mfuniko ukainuka, ukatoa pumzi yake. Watu wakasema aisee. Gabrieli alichukua kadi za juu akaanza kuzigeuza, na mimi nilikuwa namwangalia usoni kwa hiyo niliona kabla sijajua. Aligeuza nyingine, na nyingine. Akafungua boksi la pili, la tatu, lingine kutoka chini kabisa ya rundo. Kisha akanipa kadi moja. Ilikuwa ngumi, imechorwa vizuri sana, imekaa katikati ya weupe. Hakukuwa na mshale.

Nilikwenda mjini nikamwandikia Lili nikiwa nimesimama. Jibu lake lilikuja asubuhi, na bado naweza kuliona. Alisema amesikitika. Alisema baada ya sampuli, kabla ya kuchapa, fundi wao mmoja alikuwa amepitia picha zote ili ziwe bora, akaona mistari myembamba juu ya mikono, akafikiri ni alama za penseli ambazo mchoraji amesahau kuzifuta. Akazifuta moja moja, kazi ya siku kadhaa, bila kututoza chochote. Alisema wanaweza kuchapa upya tukiagiza upya. Nilisoma barua hiyo mara nyingi nikitafuta mtu wa kumkasirikia. Nilimfikiria yule fundi, ameinama kwenye mwanga wa kompyuta, anausafisha mkono wa Gabrieli kwa uangalifu, anafurahi kwamba sasa unapendeza. Watu wa mfuko wa sanaa tuliwaandikia pia. Walijibu kwamba wameona picha za maboksi, ni mazuri mno, na wanatupongeza.

Gabrieli alijaribu kuirudisha mishale kwa mkono. Aliketi chumbani kwa Aikande na kalamu ya wino, ikafutika ukigusa. Akajaribu kalamu ya kuandikia kwenye kitambaa, ikakaa mpaka jioni kisha ikapaka kadi ya jirani. Akajaribu rangi ya mbao, ikabanduka kama ganda. Ule utando wa kung'aa tulioupenda haukukubali kitu chochote kutoka kwetu. Mwisho alichukua sindano akaanza kuukwaruza, mshale mmoja baada ya mwingine, na mishale ikawepo, ila ilionekana tu ukiinamisha kadi kwenye mwanga kwa namna fulani. Alifanya hivyo maboksi machache. Aikande alikuwa anapika, mimi nampangia kadi, redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo, na hakuna aliyesema kwamba kazi hii haitaisha. Siku moja aliiweka sindano juu ya meza, akanawa mikono, akaenda zake. Kesho yake hakuja. Hatukumwita. Aikande aliichomeka ile sindano kwenye khanga ya pazia na tukaanza kufunga maboksi kwa ajili ya kugawa.

Yaligawiwa siku ya kufunga shule. Wazazi walikuja na nguo za kanisani. Kila mtoto alipewa boksi lake limefungwa nailoni, mgeni rasmi akatoa hotuba, picha zikapigwa. Watoto waliyabeba kifuani kwa mikono miwili na hawakuweza kuongea kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Aikande alisimama karibu na lango akiagana nao, akitabasamu, na mimi niliyekuwa nimesimama kando yake nilimsikia akisema chini chini, si kwa mtu yeyote, kwamba labda watabahatisha. Labda watabahatisha wenyewe.

Siku chache kabla ya Krismasi aliniomba nimsindikize Kirua Vunjo kwa kina Neema. Hakuniambia kwa nini kwao na si kwingine. Tuliacha barabara kuu tukapanda kwa miguu kati ya migomba na kahawa, mfereji ukipiga kelele upande mmoja wa njia, na kila nyumba ilikuwa na watu waliotoka Dar na Arusha kuja kula sikukuu, magari yameegeshwa kwenye nyasi za ng'ombe. Mama yake Neema alitupokea akifuta mikono kwenye kitenge. Mumewe alikuwa mpagazi, amepanda mlimani na wageni, atashuka mkesha wenyewe. Alitukaribisha sebuleni, akatuletea machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, na chai ya maziwa kwenye chupa kubwa yenye maua. Neema alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alipomwona Aikande alisimama akaongea kwa kasi ambayo mimi sikuifuata, kisha akakaa tena, na akatulia kama mtu aliyezima taa.

Boksi lilikuwa kwenye kabati la vioo, rafu ya juu, kati ya glasi za harusi na picha ya kipaimara, juu ya kitambaa cha kufuma. Nailoni yake haikuwa imeguswa.

"Hamkuufungua, mama?" Aikande aliuliza.

"Aa, kile kitu, mwalimu? Watoto si watakichana." Alikitazama kwa fahari. "Baba yake alisema kimetoka ng'ambo. Nimekiweka wageni wakija wakione."

"Ni cha kuchezea."

"Najua, mwalimu. Tutacheza," alisema kwa sauti ile ambayo mtu anamwambia mgeni kwamba atakwenda kumtembelea.

Aikande hakubishana. Alikula machalari yake yote. Niliona anakiangalia kile kioo cha kabati, nikajua alichokuwa anakiona, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakiona: nyumba zote zile, mlimani kote, rafu zote za juu. Mama yake Neema alitusimulia kuhusu bei ya kahawa na ng'ombe aliyeharibu mimba. Alikuwa mwanamke mchangamfu, na kila mara alipopita karibu na binti yake alimgusa kichwani. Neema alimfuata kwa macho akienda na kurudi. Kisha akamgeukia Aikande akafanya alama chache, polepole, kama mtu anayenong'ona. Hizo nilizifuata.

"Anasema nini?" mama yake akauliza. Alikuwa ameshika chupa ya chai, anasubiri kwa tabasamu.

Nilidhani Aikande atatafuta kitu kingine cha kusema, na ningemwelewa.

"Anauliza shule inafunguliwa lini."

Mama aliiweka chupa mezani. Alimwangalia binti yake, kisha mlango, kisha mikono yake mwenyewe. "Si amekuja juzi tu," alisema. "Basi mwambie bado. Mwambie bado, mwalimu."

"Mwambie wewe, mama."

"Mimi nitajuaje?"

"Angalia." Aikande aliteremsha mkono kando ya mwili, kiganja kimefunguka, akaupeperusha taratibu kwenda nyuma, mara moja, mara mbili. "Hiyo ndiyo bado."

Neno hilo lilikuwemo kwenye kadi. Nilikumbuka picha yake: bila mshale ulikuwa ni mkono uliolegea tu, kama wa mtu aliyechoka kusimama. Mama yake Neema aliufuta mkono wake kwenye kitenge, akaijaribu alama juu mno, kama anafukuza kuku. Neema alicheka, kicheko kikubwa kilichotushtua wote. Akainuka kwenye kigoda, akamshika mama yake kifundo cha mkono, akaushusha mpaka mahali pake, akausogeza nyuma. Kisha akarudi hatua moja akamuuliza upya, yeye mwenyewe, usoni, shule inafunguliwa lini. Mama yake akamjibu. Neema akakubali kwa kichwa, akakaa.

Hatukufungua boksi. Tuliaga kabla ukungu haujashuka, na mama alikataa tuondoke mikono mitupu, akakata mkungu mdogo wa ndizi akajitwika ili atusindikize nao mpaka barabarani. Njia ilikuwa nyembamba, tukashuka mmoja nyuma ya mwingine. Aikande alikuwa mbele yangu na sikuuona uso wake. Neema alitangulia wote, akitembea kinyumenyume ili atuone, na kila baada ya kona alinyanyua mikono akauliza tena, sasa kwa mchezo au kwa kweli, sikuweza kujua. Nyuma yangu, kila mara, mama yake aliachia mkungu kwa mkono mmoja, akamjibu.